Papwa Sewgolum: mikono kinyume, mpira sawa

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua Golf kama jina la kartie. Kwa wengine wengi wa mashariki mwa inchi, golfu ni kitu cha kuona kwenye televizyo tu: mtu anasimama na fimbo, watu wote wananyamaza, anapiga mpira mweupe mdogo kuliko yai ya kuku, unaenda mbali sana. Inaonekana kazi mwepesi. Apana. Mtu anayeanza mara nyingi anapiga udongo nyuma ya mpira, ao anapiga hewa tupu na mpira unabakia pale pale unamwangalia. Njo maana mwalimu wa golfu anaanza na mikono kwanza. Ukiwa mtu wa mkono wa kuume, mkono wa kushoto unashika juu kwenye mpini, wa kuume unakuja chini yake.

Kwa Sewsunker Sewgolum, ambaye watu walimuitaka Papwa, hakuna mwalimu aliyekuja kumuonyesha hiyo. Yeye alishika kinyume: wa kuume juu, wa kushoto chini. Na alibakia hivyo mpaka kufa.

Alizaliwa Riverside, upande wa Durban, Afrika ya Kusini, karibu na mto Umgeni. Ukoo wake ulikuwa wa Wahindi, wale ambao wazee wao waliletwa kuanzia 1860 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Nyumbani hapakuwa feza, na masomo hakupata. Kusoma na kuandika hakujua. Lakini kiwanja cha golfu cha Beachwood kilikuwa karibu. Akiwa bado kijana alipata kazi huko, kubebea Wazungu mifuko ya fimbo zao. Kucheza pale kama memba, hiyo haikuwa ya mtu wa rangi yake.

Fimbo yake ya kwanza aliichonga mwenyewe katika tawi la mti. Alijifunza kwa macho na kwa kurudilia: kuangalia wale aliowabebea mizigo, kisha kupiga, kupiga tena. Kwa mikono iliyokaa vile, viwiko na vifundo vinagombana wakati wa kuinua fimbo, na mwalimu yeyote angemwambia aache mara moja. Ila mpira haujui mikono imekaa namna gani. Unajua tu uso wa fimbo umeufikia namna gani: umenyooka, na mpira utanyooka, umeinama kidogo, mpira unaingia porini. Papwa alirudilia mpaka uso wa fimbo ukafika umenyooka kila mara. Kati ya wachezaji wasio Wazungu, ambao walikuwa na mashindano yao pembeni, alishinda mara nyingi.

Kulikuwa Mzungu mmoja wa Durban, Graham Wulff, yule aliyetengeneza mafuta ya uso ya Oil of Olay. Alimuona akipiga, akashangaa. Akampa kazi kwenye kiwanda chake na nafasi ya kufanya mazoezi, na katika 1959 akampeleka Ulaya. Huko hakuna aliyemuuliza rangi kabla ya kuingia kiwanjani. Mwaka ule ule Papwa alishinda mashindano makubwa ya Uholanzi, Dutch Open. Akarudi 1960, akashinda tena. Na tena 1964. Mtu aliyejifunzia kwenye tawi la mti!

Kwao mambo yalikuwa mengine. Tangu 1948 serikali ya apartheid ilikuwa inatenga watu kwa rangi katika makazi, masomo, kazi, hata michezo. Katika 1963 alipata ruhusa ya kucheza Natal Open kwenye Durban Country Club, kati ya Wazungu. Kucheza, ndiyo, kuingia ndani ya nyumba ya klabu, apana. Katika golfu anashinda yule aliyepiga mara chache zaidi kwa kumaliza mashimo yote, na siku ile hesabu ilisema Papwa. Mvua ikanyesha. Wazungu aliowashinda wakaingia ndani, na yeye mshindi akapewa kombe lake inje, kwenye mvua. Wahindi waliokuwa ndani ni wale wa kuhudumia meza. Foto ya ile saa ilizunguka dunia, na waliokuwa wanaomba Afrika ya Kusini itengwe katika michezo hawakuhitaji kueleza mengi.

Miaka miwili kisha, 1965, alishinda Natal Open tena. Safari hii aliyebakia nyuma yake alikuwa Gary Player, Mzungu wa Afrika ya Kusini aliyekuwa tayari na jina kubwa, na ambaye mwaka huo huo alishinda US Open kule Marekani. Kwa serikali, hiyo ilipita kipimo. Mara moja unaweza kusema ni bahati. Mara ya pili, mbele ya Player, utasema nini?

Mwaka uliofuata wakamkataza mashindano ya Wazungu na wakamnyanganya pasipoti. Inchini hawezi kucheza, inje hawezi kwenda. Wapinzani wake hawakuweza kumshinda kwa fimbo, karatasi ikamshinda, yeye ambaye hata karatasi hakuweza kuisoma. Alikuwa na familia ya kulisha na kazi aliyojua vizuri ilikuwa moja tu. Alikufa 1978, maskini, hajafikisha miaka 50, apartheid ikiwa bado imesimama.

Leo Durban kuna kiwanja cha golfu cha mji, upande wa Reservoir Hills, pembeni ya mto Umgeni ule ule. Kinaitwa Papwa Sewgolum, na mtu wa rangi yoyote anaingia. Ule ushiko wa mikono kinyume nao unaitwa kwa jina lake.