Mwanzilishi wa majina ya mawingu na joto la Mathare

Mwanafunzi wa Jiografia huyakariri majina ya mawingu: sirasi, kumulasi, stratasi. Ni wachache wajuao kwamba aliyeyabuni, Luke Howard, ndiye pia aliyeuthibitishia ulimwengu kuwa mji hujizalishia joto lake. Naona yafaa maisha yake yasomwe upya, hasa nasi tunaofundisha Mathare na mitaa mingine ya Eastlands.

Howard alizaliwa London mwaka wa 1772 katika familia ya madhehebu ya Kwekeri, ambayo leo yana wafuasi tele Magharibi mwa Kenya. Hakuingia chuo kikuu. Alijifunza kazi ya dawa kwa mfamasia, kisha akajitafutia riziki kwa kutengeneza kemikali. Elimu ya hewa aliifanya nje ya saa za kazi. Desemba 1802 aliwasomea wenzake insha juu ya mawingu, na msingi wa majina aliyopendekeza ungali unatumika. Goethe, mshairi wa Ujerumani, alimtungia mashairi ya kumsifu.

Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ya kimya. Siku baada ya siku, kwa miaka mingi, alisoma vipimajoto nje ya mji, kule Plaistow na Tottenham, akalinganisha na vipimo vya Royal Society vya katikati ya London. Mwaka wa 1818 akaanza kuchapisha kitabu chake, The Climate of London. Alikuta kwamba usiku wa mjini ulizidi ule wa mashambani kwa wastani wa nyuzi 3.7 za Farenhaiti, yaani takriban nyuzi 2 za Selsiasi. Sababu alizieleza: mioto ya majumba na viwanda, kuta zinazorudishiana joto, majengo yanayozuia upepo, na uhaba wa maji ya kugeuka mvuke na kuipoza hewa. Alifariki mwaka wa 1864. Hata kompyuta zinazokadiria leo joto la miji hupiga hesabu za mambo hayo hayo.

Sasa tuitazame Mathare. Paa ni za mabati, nyumba zimesongamana, jiko la makaa limo chumbani, miti ni ya kuhesabika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, ambao vipimajoto vyake viliwekwa Mathare, Kibera na Mukuru, ulionyesha kwamba vitongoji hivyo vilikuwa na joto kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Basi anayepangia Nairobi yote kwa kipimo cha Dagoretti huwasahau mtoto mchanga, mgonjwa na mwanafunzi anayedurusu chini ya bati.

Nionavyo mimi, jambo lisilopimwa ni vigumu kulidai. Kila shule ya Mathare na itundike kipimajoto kimoja kivulini na kingine darasani, wanafunzi wavisome kwa saa zile zile kila siku, waandike daftarini, walinganishe na vipimo vya Dagoretti. Baada ya mwaka mmoja watakuwa na hoja ya kuwapelekea wapangaji wa mji: dari chini ya mabati, madirisha mapana, miti kandokando ya Mto Mathare. Mfamasia asiye na shahada aliweza kuielewa London kwa daftari na subira. Vifaa hivyo havitushindi.