Abeti Masikini: binti wa Kisangani aliyekataa kuimba nyuma ya wanaume

Mtu akitaja muziki wa Congo, mara moja watu wanafikiri Kinshasa: Franco, Tabu Ley, Docteur Nico. Lakini mwanamke aliyeimba Olympia kule Paris mwaka 1973, kisha Carnegie Hall kule New York mwaka 1974, alizaliwa hapa pa Kisangani. Ni Abeti Masikini. Vijana wengi wa leo wanacheza nyimbo zake kwenye ndoa na matanga bila kujua kama ni dada yao.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville. Jina lake la utoto lilikuwa Elisabeth Finant, na watu walimwita Betty. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa siasa, rafiki wa Patrice Lumumba katika chama cha MNC. Kwenye uhuru wa mwaka 1960, njo yeye aliyekuwa rais wa kwanza wa jimbo la Orientale. Ile furaha haikudumu. Finant alikamatwa, akapelekwa Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, akauawa kule pamoja na wafuasi wengine wa Lumumba Februari 1961. Lumumba mwenyewe alikuwa ameuawa Katanga wiki chache mbele. Betty alikuwa na miaka sita tu.

Familia ilihamia Kinshasa. Msichana akasoma, akakua, akapata kazi ya karani katika ofisi ya waziri wa utamaduni. Kazi ya ofisi ilikuwa heshima kubwa kwa binti ile wakati, na wazazi wengi wangesema ashikilie hapohapo. Yeye alitaka kuimba. Mwaka 1971 aliingia katika shindano la vijana lililotayarishwa na mwimbaji Gérard Madiata. Hakushinda. Lakini kati ya watu waliomsikia kulikuwa Gérard Akueson, mwanamuziki na mtayarishaji kutoka Togo. Akueson aliamini ile sauti, akashika kazi ya kumwongoza, na kisha akawa mume wake.

Ni vizuri kukumbuka namna muziki ulivyokuwa siku zile. Wanawake waimbaji walikuwako tangu zamani. Lucie Eyenga alijulikana Léopoldville tangu miaka ya 1950. Lakini orkestra zilikuwa za wanaume. Mwanaume njo aliyetunga, aliyelipa wapigaji na aliyechagua nani ashike mikro. Abeti na Akueson walichukua njia ingine: waliunda orkestra ambayo mwanamke ni mkubwa wake. Iliitwa Les Redoutables, maana yake wale wa kuogopwa. Kaka yake Abumba Masikini alikuwa kati ya watu waliosimama naye katika ile kazi.

Na muziki wenyewe haukuwa rumba tu. Gitare za umeme, besi, kinanda na ngoma zilifuata mwendo wa soul na blues, ule muziki uliozaliwa kwa watu weusi wa Marekani wakati wa mateso yao. Juu yake Abeti aliweka midundo ya kwetu, na maneno ya Lingala na ya Kiswahili pia. Sauti yake ilikuwa na nguvu: aliweza kuanza polepole kama mtu anayeomba, kisha akapanda mpaka juu bila kukatika.

Kwanza walizunguka Afrika ya Magharibi. Kisha mlango wa Ulaya ukafunguka. Mshona nguo mkubwa wa Ufaransa, Pierre Cardin, alimsaidia na kutoa disiki yake ya kwanza kubwa mwaka 1973. Wimbo Bibile ulikuwa kati ya zile zilizomjulisha. Februari ya mwaka ule akaimba Olympia, fasi ambayo waimbaji wakubwa wa dunia wote wanaitafuta. Alikuwa na miaka 18. Mwaka uliofuata ikawa Carnegie Hall. Ile wakati, Mobutu alikuwa amewaamuru raia kuacha majina ya kizungu. Betty Finant alikuwa sasa Abeti, kisha Abeti Masikini.

Septemba 1974 ikawa zamu ya Amerika kuja kwetu. Mbele ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman, wanamuziki walikusanyika Kinshasa kwa siku tatu, kwenye uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël. James Brown alikuja, B.B. King na gitare yake ya blues, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba. Upande wa Zaire walipanda Franco, Tabu Ley, na Abeti. Binti wa Kisangani alisimama kwenye jukwaa moja na wenye soul na blues wenyewe, na hakuwa na haya.

Lakini kusifiwa ngambo ni kitu kimoja, kupendwa nyumbani ni kingine. Washabiki wengi wa Kinshasa walitaka rumba ya kucheza wawili wawili. Kwao muziki wa Abeti ulikuwa wa kizungu mno. Na katika zile miaka wanawake wengine walipanda na kuleta mashindano: Mpongo Love, kisha Mbilia Bel na Tshala Muana. Abeti hakuacha. Alibadilisha mavazi, akaweka wachezaji wa kike waliojulikana kama Tigresses, akakaribia zaidi midundo ya watu wa nyumbani, lakini orkestra ikabaki mkononi mwake.

Ile orkestra ikawa pia masomo. Mbilia Bel, ambaye baadaye aliwika pamoja na Tabu Ley, alianzia kwa Abeti. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, alipiga gitare kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980, mbele ya kujitengenezea jina Ulaya. Watu wa mashariki wakihesabu nyota zao, wanapaswa kujua kama wengine walipita kwenye mlango wa huyu mama.

Ushindi mkubwa wa Abeti ulikuja mwaka 1986. Alikuwa amehamia Paris, na huko akatoa Je suis fâché, soukous ya mwendo mkali. Wimbo ulienea Afrika na mpaka Antilles, na kwa mara hii hata wale waliomwita mzungu walicheza. Mwaka 1988 akaimba Zénith ya Paris. Mwaka uliofuata akafika mpaka China. Ilimchukua miaka kumi na tano kukubaliwa na watu wote wa inchi yake.

Hakuwa na wakati mrefu wa kufurahia. Kansa ya kizazi ilimshika, na alifariki Villejuif, karibu na Paris, tarehe 28 Septemba 1994, wiki chache mbele ya kufikisha miaka 40. Mwili ulirudishwa Kinshasa, ambako alizikwa. Mwaka 2015 Laura Kutika na Ne Kunda Nlaba walitoa filamu juu ya maisha yake, na filamu ile ilimrudisha katika mazungumzo ya watu.

Leo katika Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Lubunga na komine ya Kisangani wako wasichana wanaoimba kwenye korali na kwenye orkestra za mtaa. Wengi wanaambiwa mwimbaji wa kike ni wa kupamba tu, na kama pesa na maamuzi ni ya mwanaume mwenye orkestra. Abeti alikuwa yatima wa mtu aliyeuawa kwa siasa, hakushinda kwenye shindano, alichekwa nyumbani kwake, na bado aliongoza orkestra zaidi ya miaka ishirini. Hayo yalifanywa na mtoto wa mji huu, na wasichana wale wana haki ya kuyajua.