Leo Fender: Fundi wa Magitaa Ambaye Hakujua Kuyapiga

Clarence Leonidas Fender, ambaye ulimwengu wa muziki humjua kwa jina la Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, Marekani, kwa wazazi wakulima wa michungwa. Akiwa mtoto wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto, akavaa la kioo maisha yake yote. Alisomea uhasibu, lakini dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930 ilimnyima kazi. Ndipo mwaka 1938, kwa mkopo wa dola 600, alipofungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Wanamuziki walimletea vyombo vilivyoharibika, naye akasikiliza malalamiko yao. Mpiga besi wa siku zile alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Chombo chake kilikuwa zeze kubwa la kusimama, lenye kimo cha mtu, taabu tupu kulipakia garini. Na akifika nalo ukumbini, sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Isitoshe, shingo ya zeze hilo haikuwa na alama, hivyo kidole kikiteleza kidogo tu sauti hupotoka.

Mwaka 1951 Bwana Fender alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass, yaani besi ya usahihi, kwa sababu vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni vilimpa mpigaji sauti iliyo sawasawa. Kiwiliwili chake kilikuwa ubao mgumu usio na uwazi ndani. Nyuzi zake nne zililia kwa urefu wa inchi 34, na shingo ilifungwa kwa skrubu nne tu, ili ikiharibika ibadilishwe bila kulitupa gitaa zima. Hapo ndipo alipoonekana fundi wa redio! Kweli, Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kutengeneza besi ya umeme katika miaka ya 1930, lakini haikuenea. Hii ya Fender ilienea hata bendi za dansi za Kongo na za Afrika ya Mashariki zikaja kuliacha zeze la kusimama.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Aliwapa wapigaji walijaribu, akarudi nalo mezani kulirekebisha.

Katika miaka ya 1950 alipatwa na ugonjwa usiosikia dawa. Akidhani siku zake zimekwisha, aliiuza kampuni yake mwaka 1965 kwa CBS kwa dola milioni 13, pamoja na jina lake. Baadaye alibadili daktari, akapona. Jina likabaki kwa wengine.

Hakukaa kuhesabu fedha. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ilitoa besi yake ya StingRay, kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake George Fullerton. Leo mafundi wengi huagizwa kuunda besi kwa mtindo wa ile ya kwanza, na wengine huikwaruza rangi mpya ili ionekane kuukuu. Sidhani kama angewaelewa, kwani yeye alishikilia kuwa magitaa yake ya mwisho ndiyo bora.

Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha, lakini aliendelea kwenda karakanani. Alifariki dunia tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81.