Mwalimu Nyerere na ngitili za Usukuma

MFUGAJI wa Bariadi anayefungua ngitili yake Agosti, nyasi zikiwa zimekauka kila mahali, ana sababu mbili za kumkumbuka hayati Mwalimu Julius Nyerere. Moja ni ya uchungu, nyingine ni ya shukrani.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, kisha Makerere, akarudi Tabora kufundisha baiolojia katika Shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uingereza, kwa masomo ya shahada. Aliongoza TANU tangu ilipoundwa mwaka 1954, akawa Waziri Mkuu mwaka 1961 na Rais mwaka 1962.

Wasukuma walikuwa na ngitili muda mrefu kabla ya hapo. Kaya au kijiji kilitenga eneo la malisho, kikalifunga mvua zilipoanza na kulifungua kiangazi kilipokolea. Akiba hiyo haikuwa ya nyasi peke yake. Ndani yake ilikuwamo migunga, miti ya jamii ya mikunde, ambayo mizizi yake hufuata unyevu chini sana. Ukame ukizidi, mingi hupukutisha majani ili maji yasipotee. Maganda yake yenye mbegu na protini huanguka kiangazi, wakati nyasi kavu hazina tena nguvu ya kumtunza ng'ombe.

Miti mingi ilishafyekwa wakati wa mkoloni, kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Pigo lingine lilikuja na sera ya Mwalimu mwenyewe. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zilihamishwa na kuacha ngitili zao nyuma. Ardhi iliyokuwa na mwenyewe ikawa ya kila mtu, na hakukuwa na wa kuilinda. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ulikuwa na takriban hekta 600 tu za ngitili zilizorekodiwa.

Mwalimu alitembelea mkoa huo mwishoni mwa uongozi wake, akashtushwa na ukavu aliouona. Msukumo wake ulizaa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Yeye alikuwa ameng'atuka Novemba 1985 na kurejea Butiama, alikojishughulisha na kilimo.

Mafanikio ya HASHI hayakutokana na amri. Kaya na vijiji vilirudishiwa maeneo yao, na kanuni za ulinzi zikawekwa na wenyeji wenyewe, dagashida ikiwamo. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilikadiria faida yake kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, kwa malisho, kuni, dawa, asali na mengineyo.

Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Bariadi sasa ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Kwa mfugaji wa huko, somo la maisha hayo ni kwamba malisho ya kiangazi hudumu pale tu aliyeyafunga wakati wa mvua anapokuwa na uhakika kwamba ndiye atakayeyafungua.