Johannes Kuhlo, Mchungaji wa Matarumbeta

Kwaya yetu inapoadhimisha jubilii, tumeona vyema kumkumbuka mtumishi ambaye kazi yake inatugusa sisi waimbaji, ingawa jina lake si wengi kati yetu wanaolijua. Huyu ni Mchungaji Johannes Kuhlo wa Ujerumani.

Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1856 huko Gohfeld, jimbo la Westfalia, ambako baba yake, Eduard Kuhlo, alikuwa mchungaji. Siku hizo uamsho ulikuwa umeenea vijijini. Vijana wa makanisa walijifunza tarumbeta na pembe ili waongoze nyimbo katika mikutano ya nje, mahali ambapo kinanda cha kanisa hakiwezi kubebwa. Johannes alikulia katika sauti hiyo, na akiwa bado mwanafunzi alianzisha kikundi chake.

Shida ilikuwa muziki wa kupiga. Bendi za jeshi zilikuwa na nyimbo za gwaride, na noti zao ziliandikwa kwa namna yake: mpigaji akisoma C, tarumbeta yake hutoa sauti iliyo chini kwa toni moja. Kwa hiyo hakuweza kushika kitabu cha kwaya na kupiga pamoja na waimbaji. Eduard na mwanawe walifuata njia nyingine: noti isomwe kama inavyosikika. Mwaka 1881 kitabu chao cha matarumbeta kilitoka, na vingine vikafuata. Sasa soprano, alto, tena na besi za kwaya zikawa pia sehemu za wapigaji.

Kuhlo alipanga nyimbo za ibada pamoja na kazi za mabingwa kama Bach na Handel. Kazi hiyo si ya kunakili tu. Muziki ulioandikiwa fidla hauulizi pumzi, lakini mpiga pembe ni lazima avute hewa, na midomo huchoka. Mpangaji hana budi kujua wapi pa kupumzika na sauti ipi isipande mno. Kuhlo alitaka pembe ziimbe kama watu. Ndiyo maana alipendelea zile zenye bomba linalopanuka taratibu, ambazo sauti yake ni nyororo kuliko ya tarumbeta.

Mwaka 1893 alihamia Betheli, karibu na Bielefeld, mahali palipoanzishwa kuwatunza wenye kifafa. Aliongoza mashemasi wa Nazareti hadi 1922, huku akizunguka nchi nzima kufundisha vikundi, hata watu wakampa jina la jenerali wa matarumbeta. Wamisionari wa Betheli walifika hadi Usambara, na leo matarumbeta husikika katika sharika nyingi za Walutheri wa Tanzania.

Hatutasema ukweli wote tukiishia hapo. Uzeeni Kuhlo alimuunga mkono Hitler waziwazi, na pembe yake ikatumika kumsifu mtawala huyo. Serikali hiyohiyo iliua maelfu ya wagonjwa wa akili na wenye kifafa, watu wa namna ileile waliotunzwa Betheli. Mwaka 1940 kiongozi wa Betheli, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, alikataa kujaza fomu za kuwaorodhesha wagonjwa wake. Watumishi hawa wawili walikuwa wa nyumba moja, lakini mmoja aliona hatari ambayo mwenzake hakuiona. Kuhlo alifariki tarehe 16 Mei 1941.

Tunamshukuru Mungu kwa kazi njema ya mikono yake, na hatufichi kosa lake. Sisi pia tunaalikwa kuimba mbele ya wakubwa, nasi tunapenda kupigiwa makofi. Kipaji hakimkingi mtu asipotee. Katika miaka iliyo mbele, Bwana atujalie kuzipanga sauti zetu vizuri, na kujua pia tunamwimbia nani.