Mdomo wa Dhahabu Usionunulika

Kila mwaka, tarehe 13 Septemba, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane Krisostomo, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Krisostomo ni neno la Kiyunani, maana yake mdomo wa dhahabu. Twapenda kuusifu ufasaha wa mdomo huo; lakini ni wachache kati yetu waulizao ulisema nini, na ulimgharimu nini mwenyewe.

Alizaliwa Antiokia, katikati ya karne ya nne. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na mama yake Anthusa, mjane kijana aliyekataa kuolewa tena. Alipewa upadre mwaka 386, na kwa muda wa miaka kumi na zaidi akauhubiria mji ule uliojaa matajiri na ombaomba. Akiieleza Injili ya Matayo, aliwafundisha kwamba Kristo tumwabuduye altareni ndiye yule tumpitaye njiani akiwa na njaa. Na amheshimuye hapa akamdharau pale, hajamheshimu bado.

Mwaka 398 alifanywa Askofu wa Konstantinopoli, mji wa Kaisari. Hakuanza kwa kuwakemea wengine. Alianza nyumbani mwake. Alikomesha karamu za askofu, akapunguza matumizi, na fedha iliyopatikana akaitumia kwa hospitali za maskini. Kisha akawaonya mapadre wake, na mwishoni wakuu wa serikali.

Mwaka 399 Eutropius, waziri aliyemsaidia kupata uaskofu, aliangushwa. Yeye ndiye aliyekuwa amejaribu kuliondolea Kanisa haki ya kuwahifadhi wakimbizi. Sasa akakimbilia altareni mwenyewe. Yohane hakumficha makosa yake, wala hakumtoa kwa askari waliomtaka.

Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa mkali, wala hakujua kubembeleza. Hata hivyo angaliweza kukaa kwa amani kama angalinyamaza tu. Hakunyamaza. Malkia Eudoxia alichukizwa naye, na mwaka 403 baraza la maaskofu, likiongozwa na Theofilo wa Aleksandria, likamwondoa katika cheo. Watu wakafanya ghasia, akarudishwa upesi. Lakini mwaka 404 akahamishwa tena, akapelekwa Cucusus, mbali milimani. Papa Inosenti wa Kwanza alimtetea, asisikilizwe. Mwaka 407 ikaja amri apelekwe mbali zaidi. Askari wakamwendesha katika jua na mvua, hata akafa njiani, huko Comana, tarehe 14 Septemba.

Mwaka 438 mwili wake ulirudishwa Konstantinopoli kwa heshima. Aliyeupokea ni Kaisari Theodosio wa Pili, mwana wa Eudoxia, akaomba msamaha kwa ajili ya wazazi wake.

Basi, ndugu wasomaji, sisi je? Twajenga makanisa, nayo ni kazi njema, Yohane hakuikataza. Twachanga kwa ajili ya jubilei, mavazi ya Misa na kengele. Lakini mara ngapi orodha ya michango husomwa kwa sauti kubwa, na mjane asiye na cha kuchanga akaona haya kuja kanisani? Injili haikutuachia sisi kuchagua lipi litangulie. Jumapili hii, tutokapo Misani, na tumtazame kwanza aliyeketi mlangoni.