Kanoni Copernicus na Kielelezo cha Mbingu

Je, kielelezo cha mtaalamu ni chombo cha kuhesabia tu, ama chatuonyesha mambo yalivyo? Swali hili lilimfuata Nicolaus Copernicus hata kaburini.

Alizaliwa Toruń, katika milki ya mfalme wa Polandi, mwaka 1473. Alisoma Kraków, kisha Italia, alikopata udaktari wa sheria za Kanisa mwaka 1503. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa kanoni wa kanisa kuu la Frombork, akisimamia mashamba, akiganga wagonjwa, na usiku akizitazama nyota.

Zama zile kilifuatwa kielelezo cha Ptolemayo wa Aleksandria: Dunia imetulia katikati, sayari zazunguka katika maduara yaliyobebana. Tusikidharau, kwa zaidi ya miaka 1,000 kilitabiri mahali pa sayari kwa usahihi wa kutosha. Lakini kila sayari ilikuwa na hesabu yake peke yake, kama nyumba iliyojengwa na mafundi wasiojuana. Copernicus akaliweka Jua katikati, na mara sayari zikajipanga kwa mwendo wao: Zohali, imalizayo mzunguko kwa miaka 30 hivi, mbali kabisa, Mshtarii, miaka 12, Mirihi, karibu miaka 2, kisha Dunia yetu. Hata Mirihi kuonekana ikirudi nyuma kukapata sababu: ni sisi tunaoipita njiani.

Kitabu chake, alichomtolea Baba Mtakatifu Paulo III, kilichapwa Nuremberg mwaka 1543. Msimamizi wa uchapaji, mchungaji wa Kilutheri Andreas Osiander, alitia mwanzoni dibaji isiyo na jina, akisema kwamba hayo ni mahesabu tu, wala si lazima yawe kweli. Huenda alitaka kumkinga mwandishi na lawama. Sisi twaona alimdhulumu, maana Copernicus alisadiki kwamba Dunia yaenda kweli. Naye hakuweza kujitetea: alikuwa amepooza, akafa tarehe 24 Mei mwaka huohuo. Rafiki yake, Askofu Tiedemann Giese, alilalamika kwa baraza la mji wa Nuremberg, asifaulu.

Mwaka 1609 Johannes Kepler alimtaja Osiander hadharani. Katika kitabu hichohicho alionyesha kwamba Mirihi huzunguka Jua kwa njia ya duaradufu. Hivyo Copernicus alikosea katika maduara yake, asikosee katika Jua. Hata hivyo, mwaka 1616 wakuu wa Kanisa walikizuia kitabu chake mpaka kisahihishwe, na masahihisho ya mwaka 1620 yalifuata njia ileile ya Osiander: penye kusadiki pakawekwa kudhani. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa iliyotolewa mwaka 1835 haikukitaja tena.